Ngano Iliyopuliziwa Mara Mbili

Kikohozi kimoja kilisikika chumbani usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 13 Mei 2025, kisha kimya, na baba yetu Zebedayo Kibona akawa ametutoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1958 huko Mbebe, wilayani Ileje, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba mwaka 1973, akafanya vibarua kwenye kahawa za watu Iyula, na tarehe 18 Oktoba 1986 akafunga ndoa na mama Sekela, wakajaliwa watoto wanne.

Ngano ndiyo iliyomlisha na ndiyo iliyomchanganya. Kila upepo mkali ulipopita, mashamba yalilala chini kama mkeka, hivyo mwaka 2016 alinunua dawa ya kufupisha bua, majirani wakamcheka, "Mzee Kibona, unamlisha mtoto ili adumae?", lakini ngano yake ilisimama, fupi na nene, akavuna kuliko wote.

Mwaka 2017 alipulizia alfajiri bila kumwambia mtu, akaenda Tunduma sokoni, na mwanawe wa kwanza, akidhani baba amesahau, akabeba bomba mgongoni akapulizia tena shamba lote. Mvua nayo ikakatika. Mabua yaliishia magotini, masuke yakanasa ndani ya majani, ghala likabaki tupu, na mzee akaamuru jina la kijana huyo lisitajwe tena nyumbani kwake, kijana akavuka mpaka, akaishi Nakonde, upande wa Zambia.

Baadaye shaka ilimwingia. Kila msimu alitenga vipande vitatu, kisichopuliziwa, cha mara moja na cha mara mbili, apate kujua kosa lilikuwa la mwana, la dawa au la jua, mwaka wa mvua kilishinda cha mara moja, mwaka wa ukame kikashinda kisichopuliziwa, mwaka jana vyote vitatu vikalingana, naye akakaa ukingoni mwa shamba akiuliza, "Sasa nimlaumu nani?" Aliendelea kuuliza hivyo hadi ugonjwa wa moyo ulipomlaza kitandani mwezi Februari mwaka huu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliolala nasi matangani, na wakulima wenzake wa Mbebe. Baba, swali lako tuachie sisi, wewe pumzika kwa amani.

Kwetu udongo wa kwanza kaburini hutupwa na mtoto wa kwanza. Asubuhi hii wazee walipouliza aanze nani, wengine wakimtaja Ombeni, wa pili, wengine wakitazama chini, mama Sekela aliinuka mkekani akasema, "Niliyemzaa kwanza yuko nje ya uzio tangu jana, hajathubutu kuingia. Mwiteni. Mwiteni Gwamaka."