Sauti ya Pili ya Yunis

Elfu arobaini na tano za gitaa langu, Timotheo, umeshazipokea kwa mwenye baa wa Lushoto mjini, na mimi bado napumua? Zirudishe kesho kwa basi la asubuhi, na usinijibu, sijamaliza. Raheli, mwanangu, niegemeze ukutani. Sikilizeni wote wawili, maana haya sitayarudia.

Shamba la bondeni mgawane sawasawa, mpaka ni mfereji. Dukani sidaiwi, na kabichi nimeuza miaka yote bila kuficha zilizooza chini ya gunia. Nilijisifu kwamba mimi ni mtu wa kusema wazi, basi na hili niliseme wazi.

Gitaa nilijifundisha mwenyewe, nyuzi zikiwa waya wa breki za baiskeli, na nilijua kodi tatu tu. Za kupanga vidole kwenye gitaa nasema, si za halmashauri. Mama yenu aliimba sauti ya pili. Katika ule wimbo wetu wa Krismasi, mstari wa tatu, yeye alipanda kwenye noti ya la, gitaa langu likabaki kwenye so, vikagongana, watu wakageuka. Nikasimamisha wimbo mbele ya kanisa zima hapa kijijini kwetu Malindi, nikamwambia, "Wewe mwanamke, unanipoteza." Alen, mwalimu wa kwaya, akasema taratibu, "Kaka, Yunis yuko sawa. Ni gitaa." Nikamtukana, nikabeba gitaa nikatoka.

Yunis alirudi nyumbani, akapika kama kawaida. Lakini kanisani hakuimba tena. Miaka kumi na minne, mpaka tunamzika, alikaa benchi la nyuma, kitabu cha nyimbo amekifungua na mdomo ameufunga, na mimi nikaona nimeshinda.

Mwaka wa pili baada ya kumzika, ruksa ya kuingiza bidhaa ikaleta nyuzi za dukani, nikanunua pakiti sokoni. Ndani mna karatasi yenye picha za vidole, na mojawapo ni ya kodi nisiyoijua. Wanangu, ni kidole kimoja tu. Vingine vinakaa palepale. Kidole cha pete kinatoka uzi wa tano kinakwenda uzi wa tatu, na so inakuwa la. Nikapiga mstari ule, nikasikia mahali pa mama yenu pametulia, panamngoja, na mwenyewe hayupo. Miaka sita nimefanya mazoezi, mkono huu wa jembe, mpaka kidole kikahama bila kuchelewa. Kwa faida ya nani, sijui.

Nipe maji... Inatosha.

Gitaa lisiende baa. Ni lako, Timotheo, na ile kodi ya nne umeiona mkononi mwangu. Alen mkamwombe radhi kwa jina langu, mniombee wala msinitetee. Mungu awatunze, awape kusikilizana, mimi sikuweza... Sogeeni, sauti inaniishia.

Siku ya kunizika, jeneza likiwa bado kanisani, mbele ya watu walewale, wimbo ule upigwe. Timotheo ashike gitaa. Raheli, sauti ya mama yako unayo. Alikufundisha shambani kwenye kabichi mkidhani sipo, niliwasikia nikapita kimya. Mstari wa tatu uimbe peke yako. Kwaya inyamaze.

Si zawadi hiyo. Ni haki yake, niliizuia mimi... Mlipeni.