Mama Povu na Kidole cha Kaka

Dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Povu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1968, mtoto wa pili wa fundi saa na mkewe mshonaji. Mimi ni mdogo wake. Nimeombwa nipunguze maneno, nami nimekataa.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1982, akafaulu. Ada ikaenda kwa kaka yetu, aliyekaa sekondari miaka miwili akatoka na ujuzi wa kufunga tai.

Mwaka 1991 alianza kupika sabuni ya vipande uani. Dawa kali ya sabuni ilimla vidole hadi mistari yote ikafutika. Mwenyewe alicheka: "Mimi nikiiba, polisi watamkamata nani?"

Mwaka 1993 aliolewa na seremala, mtu mpole, akamzalia binti mmoja. Shemeji alifariki mwaka 2009. Sabuni ndiyo iliyomlea mtoto.

Mwaka 2019 benki ilikuja sokoni na hema, ikiwafungulia kina mama wafanyabiashara akaunti za simu. Mashine ya alama za vidole ilikikataa kidole chake mara tisa. Ofisa akasema, "Mama, tuweke cha ndugu yako, ni utaratibu tu." Kaka, aliyemsindikiza, akaweka chake. Pesa ndogo ilitoka kwa namba ya siri. Kubwa, mpaka kidole. Halafu wakampiga picha akicheka na simu, wakaibandika ukutani kwao: "Pesa zangu, mikononi mwangu." Ptuu! Kila nikipita pale natamani kutapika.

Januari 2024 figo zilimwangusha. Operesheni ilisubiri malipo, na pesa alikuwa nazo. Nilipompigia kaka akasema, "Niko kikaoni, kesho." Kesho hizo zilikuwa sita. Nilikwenda benki nikiwa na kitambulisho cha dada. Wakataka kidole. Niliporudi wodini aliniambia, "Si uwaambie ni mimi yule wa ukutani?" Alifariki tarehe 19 Februari, saa nne asubuhi.

Leo benki imeleta shada lenye jina lake kubwa kuliko la marehemu, na mpiga picha juu. Yaani hawana hata haya! Baba, shusha hiyo kamera.

Ameacha binti, wajukuu wawili, mimi, na kaka, yule pale mbele mwenye tai. Kaka, pesa ile ni ya mtoto. Benki inafungua kesho saa mbili. Mimi na binti tutakuwa mlangoni. Ukisema una kikao, tutakuja huko huko kikaoni.

Dada, wewe lala kwa amani.