Ermete Zavagli na Nyumbu Aliyemponyoka

Ijumaa tarehe 31 Machi 1961, saa kumi na moja jioni, Bwana Ermete Zavagli atavua miwani yake na kuiaga kazi ya usahihishaji katika kiwanda chetu cha uchapaji hapa Lugano, baada ya miaka thelathini na miezi minne. Amechoka. Na mimi, niliyekaa naye meza moja miaka ishirini na miwili, nimechoka pia, kwa hiyo msitegemee sifa nyingi.

Alifika Novemba 1930, akivuka milima kwa miguu, wafashisti wakimsaka kwa makala zake. Kwao ni Romagna, ng'ambo ya mpaka. Polenta yetu, ugali wa mahindi, aliiita chakula cha kuku, kisha akaomba aongezewe.

Kazi yetu mnaijua: mmoja husoma kwa sauti, nukta na mkato vyote, mwingine hufuata na kalamu. Tumesoma hivyo ratiba za treni na orodha za mbegu hadi koo zikakauka. Mchana, sisi tukila, yeye aliandika riwaya. Ameandika saba. Enzi za wafashisti riwaya hizo zilipigwa marufuku kwao, zikawa zinavuka mpaka chini ya shehena ya jibini.

Riwaya ya pili, ya mwaka 1934, ilikuwa na mhunzi mwenye ulimi mkali aliyemkejeli mkuu wa wilaya. Ermete alibadilisha majina ya watu wote, ya kijiji na ya mto. Akamsahau nyumbu wa kubeba mizigo. Contessa, nyumbu wa mhunzi, alibaki na jina lake la kweli, na polisi hawakuhitaji zaidi. Mhunzi wa kweli, Duilio, kaka yake Ermete, ambaye hajamaliza kitabu hata kimoja maishani, alifungwa kisiwani miaka minne.

Duilio hakumwandikia tena. Vita vilipokwisha Ermete alikwenda kwao kwa likizo ya wiki mbili. Siku ya tano alikuwa amerudi mezani petu. Alisema tu kwamba kaka yake alimsalimia kwa adabu, kama anavyosalimiwa mtoza kodi. Nilimwonea huruma, nikamsogezea kazi.

Mwezi uliopita ilifika barua. Macho yake hayawezi tena mwandiko wa mkono, nikamsomea mimi. Duilio alimtamkia binti yake maneno, naye akayaandika yalivyo: "Mdogo wangu, nina ugomvi na wewe tangu mwaka thelathini na nne. Miguu yangu imekwisha, siwezi kuja huko. Njoo wewe, nikutukane ningali hai. Kitanda kipo."

Ermete akasema, "Soma tena, dada Pierina. Hapo pa kunitukana."

Nilisoma mara tatu, naye akilia bila kujificha.

Jumamosi anapanda treni. Kwa makosa yetu yote uliyoyakamata, ahsante. Nenda, Ermete. Tunakutakia ugomvi mwema, na baada yake maisha mema.

Pierina Bernasca, chumba cha usahihishaji