Difu ya Karanja na Kilomita Zilizopotea

Kijiwe chetu kiko Kangemi, pale njia ya soko inapotokea Waiyaki Way: ubao mmoja juu ya mawe, jiko la kahawa la Dalmas, na kisanduku changu cha kushonea viatu. Mwaka huo wa 2008 hakuna aliyekaa akatulia. Petroli ilikuwa inapanda kila ukigeuka, na baada ya yale mapigano ya uchaguzi ya Januari, watu walikuwa bado wanasikiliza jina la mtu kabla ya kusikiliza maneno yake. Asubuhi hiyo Karanja alikuja na kukataa kikombe. Yeye ana pikapu ya kuleta kabichi na viazi kutoka Limuru. Miezi mitatu nyuma, fundi Mungai, tunayemwita Spana, alimtolea difu, ile giya ya ekseli ya nyuma, akamwekea nyingine ya kufanya injini izunguke polepole gari likiwa mwendo uleule. Gari lingekula mafuta kidogo. Badala yake likaonekana linakula zaidi. Karanja akaamua kwamba dereva wake wa miaka sita, Jackton, ananyonya mafuta na kuyauza, akamfuta kazi mbele yetu sote, hapo hapo kijiweni. Wiki mbili zilikuwa zimepita.

— Niambieni kitu moja, Karanja alisema. Mwizi nilifukuza. Gari naendesha mwenyewe, na ufunguo nalala nayo. Mbona mafuta bado inapotea?

— Inapotea aje? Eleza korti.

Huyo ni Kiarie. Jina lake la kijiweni ni Wakili. Ni tarishi wa ofisi ya mawakili huko tao, mjini, na amebeba faili za watu mpaka akaamini amezisoma.

— Zamani tangi moja ilikuwa inanipeleka kilomita mia nne, Karanja alisema. Spana akaweka hii difu, tangi ikawa inaisha mita ya kilomita ikisoma mia tatu sabini. Nikasema ni Jackton. Sasa Jackton hayuko, na jana tangi imeisha mia tatu sabini. Hiyo hiyo.

— Difu yangu iko sawa, Spana alisema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Hiyo difu nilifunga na mkono yangu.

— Basi ni petroli, Wakili alisema. Wanachanganya na mafuta ya taa. Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Na petroli si iko juu?

— Najaza petroli stesheni tatu tofauti. Zote wanachanganya sawasawa?

— Kama si hiyo, ni baridi. Limuru ni baridi. Petroli ikiona baridi inajikunja, kama nguo ya sufu.

— Mbona haikujikunja miaka sita?

— Difu ndiyo mgeni, Wakili alisema bila kupumua. Hiyo kitu imetoka kwa gari ya Japani. Imezoea barabara tambarare. Ukiipeleka mlima inashtuka, inaitisha mafuta kama mtu anayeitisha maji. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Wewe, mwenyeji amepona wapi hapa? Spana alisema. Difu haishtuki. Difu ni chuma.

— Sawa. Basi ni dunia. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, si ndiyo? Karanja akienda Limuru anaenda magharibi. Anapigana na dunia nzima, na kabichi juu.

Tulicheka kidogo. Karanja hakucheka. Alikuwa anatembea kutoka jikoni kwa Dalmas mpaka ukingo wa mtaro na kurudi, na kila akirudi alikuwa anaangalia pikapu kana kwamba itasema.

— Huyo Jackton ameniachia kitu, alisema hatimaye. Anakuja na paipu asubuhi kabla sijaamka. Ama amefanya mambo ingine, ya kwao huko.

Dalmas, ambaye anatoka upande huo huo wa Jackton, aliacha kumimina. Alishikilia birika hewani.

— Mambo gani ya kwetu? aliuliza.

Wakili aliingilia kati haraka, kama kawaida yake.

— Tusitoke kwa ushahidi. Huyu Jackton mwezi uliopita alishikwa Rironi na mashine ya polisi ya kupima mwendo. Walisema anaenda tisini na tano. Yeye akaapa mita yake ilisoma themanini. Mtu wa kudanganya mwendo atashindwa kudanganya mafuta?

— Na hata alikuwa na viatu mpya, Spana alisema. Si fundi wa viatu alituambia?

Walinigeukia. Nami nimebeba jambo hilo mpaka leo. Siku ile Jackton alipofukuzwa, ni kweli nilisema, kwa mzaha, kwamba hata viatu vyake vinang'aa sana kwa mshahara wa dereva. Vile viatu vilikuwa vya zamani. Soli nilizitia mimi, rangi nikapiga mimi. Nilitaka tu watu wacheke. Walinigeukia, na badala ya kusema hivyo, nikainamia kazi yangu.

Ndipo Rachael alipofika, mke wa Jackton. Hakuwahi kufika kijiweni kabla ya hapo. Alikuwa amevaa kama mtu aendaye kanisani, mkoba ameukumbatia kifuani.

— Hamjambo. Baba Wanjugu, alimwambia Karanja, samahani nimekupata kwa watu.

— Hatujambo, Karanja alisema, akaangalia kando.

— Nimetumwa nichukue barua. Jackton amepata mahali Uthiru, kuendesha gari ya shule. Wanataka barua ya mwenye alikuwa akimwandika. Bila hiyo hawamchukui. Yeye amesema hawezi kuja hapa.

— Barua niandike niseme nini? Niseme aliniibia?

Rachael hakupandisha sauti.

— Sijui utaandika nini. Lakini kuna kitu ananiuliza kila siku, na mimi si mtu wa magari, sijui kumjibu. Anasema kutoka hapa mpaka soko la Limuru, miaka yote mita ilikuwa inaongeza kilomita ishirini na nne. Mwezi aliofukuzwa ilikuwa inaongeza ishirini. Anasema alikuambia ukamwambia ameanza hadithi. Sasa nawauliza nyinyi wenye mnajua magari. Hiyo barabara ilikatwa wapi?

Karanja aliacha kutembea. Sisi wengine tulimwangalia Spana, kwa sababu kikombe chake kilikuwa kimeinama hadi kahawa ikamwagikia suruali, na hakuipangusa.

— Kebo, alisema.

— Kebo gani?

— Kebo ya mita inatoka kwa giaboksi, Karanja. Haihesabu tairi, inahesabu shafti, ile chuma ndefu inapeleka nguvu kwa difu. Hii difu mpya inazungusha tairi zaidi kila shafti ikizunguka mara moja. Gari inaenda mbali, mita inahesabu karibu. Kuna kagiya kadogo ka plastiki pale kebo inaingia. Nilifaa kubadilisha. Sikubadilisha.

— Ulisahau?

— Sikufikiria. Na wewe ulipoanza kusema ni Jackton, nikaona afadhali iwe yeye.

Wakili aliokota kipande cha makaa, akaandika kwenye ubao, akafuta, akaandika tena. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alichukua muda.

— Kama ishirini ni ishirini na nne, alisema pole pole, basi mia tatu sabini yako ni mia nne arobaini na kitu.

— Maana yake?

— Maana yake gari inakula kidogo kuliko zamani. Difu ilifanya kazi. Na ile siku ya Rironi, themanini yake ilikuwa karibu tisini na tano kweli. Alikuwa anasema vile ameona.

Karanja alisimama na mikono imening'inia.

— Mwambie arudi kesho, alimwambia Rachael. Mwambie kazi iko.

— Mimi nilitumwa barua, Rachael alisema. Hayo mengine utamwambia mwenyewe. Na umwambie hapa, kwa sababu hapa ndipo aliitwa mwizi.

Rachael alimpelekea habari, na saa kumi jioni Jackton alikuja. Hakuketi. Karanja alimwambia yote mbele yetu, akikwama kwama. Spana naye akasema lake. Mimi nikasema la viatu. Jackton alitusikiliza mmoja mmoja bila kutusaidia.

— Nimekosa, Karanja alimaliza. Rudi kwa gari.

— Kwa gari sitarudi, Jackton alisema. Nilikuambia mita imepungua. Ulikuwa unanijua miaka sita. Niandikie barua.

Karanja aliandika akiwa amepiga magoti kando ya ubao. Alipomaliza, Jackton hakuipokea. Alimwelekeza Wakili kwa kidevu.

— Soma.

Wakili alisoma kwamba Jackton ameendesha gari la Karanja miaka sita, na katika miaka hiyo hakuchukua kitu kisicho chake.

— Soma tena, Jackton alisema. Sauti ifike sokoni.

Wakili akasimama juu ya ubao, akasoma tena.