Josphat Kilonzo Muthengi na Mzinga wa Tatu wa Malaz

Marehemu Josphat Kilonzo Muthengi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1984 hapa Kyuso, Mwingi, akiwa kifungua mimba wa Mzee Gilbert Muthengi na Mama Euphrasia Kasyoka. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2002, akabaki kumsaidia baba yetu kutunza mizinga.

Mwaka 2009 alimwoa Risper Mueni. Walijaliwa Lewis na Mbithe.

Mwaka 2014 alikwenda Jeddah, akawa dereva wa mfanyabiashara wa mtaa wa Balad na kupanga chumba mtaa wa Bani Malik. Miaka mitatu baadaye kafili mpya, yaani bosi mdhamini wake, alimhamishia Riyadh, atunze mizinga sita juu ya paa la nyumba yake mtaa wa Malaz. Josphat aliongea na nyuki kwa Kikamba. Bosi alipomuuliza kwa nini, alijibu, "Baba, Kiarabu changu watanicheka." Bosi alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka 2022 aliniita mimi, mdogo wake Dominic, nimsaidie. Alinifundisha kuvaa wavu, kupuliza moshi kidogo mlangoni na kusubiri, kusimama kando nisiwazibie nyuki njia, na kuinua fremu za masega polepole. Majira ya maua tulikagua kila wiki, tukitafuta pembeni mwa masega vyumba vya malkia mpya, vinavyoning'inia kama karanga. Tukiviona tuligawa kundi katika mizinga miwili. Tusipogawa, nusu ya nyuki wangehama na malkia wao.

Jumamosi tarehe 5 Aprili 2025 alishikwa na homa, akaniachia ukaguzi. Jua lilikuwa kali. Nilifungua mizinga miwili, nikateremka, nikamwambia yote sita ni salama.

Jumatano nyuki wa mzinga wa tatu walihama, wakatua kwenye dirisha la jirani, ghorofa ya pili. Ndani mlikuwa na mama na mtoto mchanga. Josphat, homa haijamwisha, alipanda ngazi na sanduku lake la kukusanyia nyuki. Ngazi iliteleza juu ya marumaru, akaangukia kichwa.

Siku ya sita hospitalini alifungua macho.

"Dominic, ule wa tatu uliufungua?"

"Niliufungua, kaka."

Aliniangalia kwa muda mrefu. "Haya," akasema. Hakusema neno lingine tena. Alifariki Alhamisi tarehe 17 Aprili, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini.

Sikuufungua. Tangu siku ile nasikia mvumo wa mzinga ule hata pasipo na nyuki. Niliusikia ndani ya ndege tulipokuwa tukimleta nyumbani. Nausikia sasa, nikisoma.

Juzi nilimwambia Risper. Alikunja na kukunjua kanga yake, kisha akasema, "Iandike hivyo hivyo. Uisome wewe mwenyewe, watoto wasikie."

Amewaacha wazazi wetu, mkewe Risper, wanawe Lewis na Mbithe, na mimi nduguye. Mungu ampe Josphat pumziko la amani.