Bi. Khairat na Swali la Simu Inalala kwa Nani

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Khairat Swalihu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi hapa Redio Uwanda, Dodoma. Aliajiriwa mwaka 1994 kuwa mhudumu wa mapokezi, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa ikisikika studio hata mlango ukiwa umefungwa, wakubwa wakaona heri waitumie. Mwaka uliofuata akakabidhiwa kipindi cha wanawake, Jamvi Letu, na hajakiachia mpaka leo. Mameneja wamekuja na kuondoka, Bi. Khairat na chupa yake ya chai ya tangawizi wamebaki pale pale.

Siku hizo kipindi kiliendeshwa kwa barua. Zililetwa kutoka posta ndani ya mfuko wa sandarusi, naye alizisoma hewani bila kuruka, zikiwamo za kumkosoa. Shida ni kwamba wanawake wengi wa vijijini hawakuandika wenyewe. Iko barua moja ambayo ofisi nzima inaikumbuka: mke mmoja kutoka Bahi alimsifu mumewe kurasa mbili, kwa upole wake, kwa ukarimu wake na hata kwa mwendo wake, na mwandiko ulikuwa wa mume. Bi. Khairat aliisoma yote, akamshukuru bwana huyo kwa jina, kisha akaomba wiki inayofuata mkewe naye aachiwe kalamu.

Simu janja zilipoingia hakuzipokea kwa shangwe. Alisema mtu anayeongea huku akitazama kioo haongei na wewe. Lakini Gladness, mtayarishaji wa kipindi, alipomwonyesha kwamba mwanamke asiyejua kuandika anaweza kurekodi ujumbe wa sauti kwa Kigogo au Kirangi na kuutuma papo hapo, Bi. Khairat aliuliza pa kubonyeza ni wapi. Mwaka haukuisha, kundi la WhatsApp la Jamvi Letu likawa na wanawake kutoka Kondoa hadi Mpwapwa. Wakaanza kuyasema yale ambayo hayakuwahi kufika kwenye mfuko wa sandarusi: mirathi, mashamba, binti kurudi shule baada ya kujifungua. Wanafunzi wa chuo kikuu cha pale Chimwaga waliokuja kwa mafunzo ya vitendo walitueleza kwamba huo ndio ufeministi wa kidijitali. Bi. Khairat akasema ni sawa, mradi bando lisikatike.

Vipande vya kipindi vilipoanza kuwekwa mtandaoni, matusi nayo yakafuata, mengi kutoka kwa vijana waliopiga picha na magari yasiyo yao. Kila aliyemwandikia arudi jikoni alijibiwa neno moja tu: "Marahaba." Wasomaji wakawa wanamsuta mtukanaji kwamba mama amemwitikia na shikamoo yenyewe hajatoa. Wachache walirudi wakaitoa.

Lakini wasifu wa Bi. Khairat hauwezi kuliruka kosa lililotokea kijijini Busi, na mwenyewe ameagiza lisirukwe. Wakati wa kuunda kundi aliwaomba wanawake namba za simu, nao wakampa namba ya nyumbani. Hakuuliza simu yenyewe inashinda mfukoni mwa nani. Kwa nyumba nyingi ilikuwa kwa mume. Dalili tuliziona mapema: tulipouliza nani aamue mavuno yauzwe lini, Bwana Matonya wa Chamwino alijibu kwa heshima zote kwamba mkewe Ruthu yuko shambani, ila yeye ana maoni. Tulicheka, tukaendelea.

Arafa ni mkulima wa Busi, wilayani Kondoa. Alitaka kugombea uenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji, kwa kuwa wanaobeba ndoo ni wanawake na wanaokaa mezani ni wanaume. Hakuwa amemwambia mumewe, Rahimu. Mchana mmoja Rahimu akiwa amejilaza, Arafa alichukua simu, akarekodi ujumbe wa kuwaomba wenzake ushauri ayaanzeje mazungumzo, akautuma, kisha akaufuta kwenye simu asiukute mtu. Kilichomponyoka ni kwamba majibu yangerudi kwenye simu ile ile. Yalimkuta Rahimu mnadani, katikati ya wenzake, naye ana desturi ya kufungua kila ujumbe kwa spika. Mnada mzima ukasikia wanawake wakimfundisha mkewe namna ya kumlainisha: asimwambie kabla hajala, amsifie kwanza ng'ombe wake. Mmoja alisisitiza kwamba bila kumchinjia kuku hapatakalika. Jioni ilipofika, watu wa mnadani walikuwa wanamwita Kuku.

Siku hiyo hiyo tukaona kwenye kundi kwamba Arafa ameondoka. Hapo mzaha ukaisha. Ndoto yake ya kugombea na amani ya nyumba yake vilikuwa vinaponyoka kwa pamoja, na kundi lilikuwa letu. Vijana wa ofisi walikuwa na dawa tayari: jina lake, picha yake, alama ya reli, nchi nzima imtetee dhidi ya mume aliyemfungia simu. Ingevuma sana. Bi. Khairat aliuliza Arafa mwenyewe amesemaje. Hakuna aliyejua, kwa hiyo kesho yake akapanda basi la Kondoa pamoja na Gladness.

Huko Busi, Gladness anasimulia, Bi. Khairat hakuanza na somo la haki. Alisalimia, akakaa, akaomba radhi kwa Arafa kwanza, kisha kwa Rahimu. Ikajulikana kwamba aliyejitoa kwenye kundi ni Arafa mwenyewe, kwa aibu. Rahimu hakugusa kitu. Kilichomuuma Rahimu ni kuwa wa mwisho kujua jambo la nyumbani mwake, tena kulijulia mnadani. Arafa akamkumbusha kwamba aliwahi kumgusia habari ya kamati, naye akacheka. Rahimu akakubali kwamba kweli alicheka. Ndipo Bi. Khairat akamgeukia Arafa na kumuuliza yeye anataka nini.

"Nataka kugombea," Arafa alisema, "na nataka niseme mwenyewe, kwa jina langu."

Alirekodi pale pale uani. Akajisikiliza, akasema amekwenda mbio mno, akarudia. Aliporidhika akasema huyo sasa ni yeye, tumrushe. Tukamrusha. Uchaguzi ule alishindwa, uliofuata akashinda, na mpiga debe wake mkubwa mnadani alikuwa Rahimu, ambaye kila alipomaliza kumwombea kura alilalamika kwamba yule kuku bado hajachinjwa.

Tangu hapo hakuna sauti ya mwanamke inayotoka hapa, hewani au mtandaoni, kabla mwenyewe hajaisikiliza na kusema ni yeye. Na kila anayejiunga na kundi huulizwa kwanza: simu inalala kwa nani? Wanafunzi wa Chimwaga huondoka na swali hilo hata wakisahau mengine yote. Wanawake wa Busi, kwa upande wao, waliugeuza mchezo wao wa kuchangishana na kununuliana masufuria ukawa wa kununuliana simu.

Kwa kufuata kanuni hiyo, wasifu huu nao nilimsomea Bi. Khairat kwa ujumbe wa sauti kabla ya kuchapwa. Aliniagiza niondoe sentensi niliyoiona tamu kuliko zote, iliyosema kwamba amewapa wanawake sauti. Jibu lake lilikuwa fupi: "Sauti walikuwa nayo, Asma. Walikuwa hawana simu." Nimeiondoa.

Bi. Khairat, tutakukumbuka sana, na wengine tumeshaanza kulia kabla ya sherehe. Kuanzia Julai mosi simu ya kipindi inalala kwa Gladness. Yako italala kwako, mtaani Area D, na usitegemee kwamba itanyamaza. Arafa ametuma salamu zake, kwa namba yake mwenyewe, na amekwisha kuzisikiliza na kuziridhia, utazisikia ukumbini. Anakuja na mumewe. Asante kwa miaka yote uliyotuvumilia. Pumzika kwa afya na furaha, na siku ya sherehe uje na njaa, maana kuku hatimaye anachinjwa, anayemchinja ni Rahimu, na anayechinjiwa ni wewe.

Asma Shaaban, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako