Toyoko Hirabayashi na Mpira Ulioanguka Katikati

Toyoko Hirabayashi, ambaye leo tumemzunguka bila yeye kutuhimiza tufanye haraka, alizaliwa tarehe 12 Februari 1953 mjini Yatsushiro, mkoani Kumamoto, mtoto wa pili wa mkulima wa nyasi za mikeka. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alitoka kabla mkunga hajavua viatu, na tangu hapo hakutulia.

Alisoma hapohapo Yatsushiro, ingawa vitabu havikumkalisha. Akiwa na miaka kumi na mmoja alianza badminton, akipigiza mpira wa manyoya ukutani mwa ghala mpaka baba akaificha raketi ndani ya pipa la mchele. Aliipata kabla ya chakula cha jioni.

Aprili 1971 aliajiriwa na kiwanda cha nyuzi Okayama, kilichokuwa na timu yake. Asubuhi alifunga mabunda, mchana alifanya mazoezi mpaka miguu ikagoma. Huko aliunganishwa na Fumiyo Iwakiri, aliyemtangulia kiwandani kwa mwaka mmoja, na wawili hao wakatwaa ubingwa wa taifa mara nne.

Sasa tufike pale alipokuwa hataki pafikiwe. Mwaka 1979, wiki ya fainali Osaka, kocha alimkaripia kwa kumfokea uwanjani Fumiyo, mkubwa wake kiwandani. Basi siku ile akafunga mdomo. Pointi ya mwisho, mpira ukaja katikati yao. Toyoko akampisha mkubwa. Fumiyo akaona uko mkono wa kulia wa mwenzake. Ukaanguka, wote wakiutazama, na fainali ikapotea. Kila mmoja akangoja mwenzake aombe radhi. Adabu gani hiyo, jamani! Mwaka uliofuata Fumiyo alihamia Niigata, na hawakutumiana hata kadi ya mwaka mpya.

Tarehe 3 Novemba 1982 Toyoko aliolewa na Tadao, dereva wa treni, mtu mpole aliyezoea kumwona mkewe akinywa supu amesimama. Walijaliwa binti, Mizuho. Kwa miaka thelathini aliwafundisha wanawake wa mtaa mchezo wake, na ole wake aliyemtaja Fumiyo.

Januari 2023 aligundulika na saratani ya kongosho. Kitandani mguu wake haukuacha kutikisika. Kufa hakukumtisha, kilichomtisha ni kufa bila kumwona Fumiyo, na kiburi kilimziba mdomo hadi Mei, alipomwomba Mizuho apige simu. Fumiyo alisafiri kutwa nzima, akaingia wodini na mkoba mkononi, hata salamu hakutoa.

“Ulikuwa wako,” alisema. “Mkono wako wa kulia.”

“Dada Fumiyo, ningeupiga ungeninunia.”

“Ningenuna wiki moja. Wewe umeninunia miaka arobaini na minne.”

Wakalia, wakabishana tena, muuguzi akawanyamazisha. Fumiyo hakurudi Niigata. Alikaa siku kumi na tisa, mpaka alfajiri ya tarehe 4 Juni, Toyoko alipokata roho.

Ameacha mume, Tadao, binti, Mizuho, wajukuu wawili, na mdogo wake Kinue, anayewasomea haya. Mchana huu, baada ya mwili kuchomwa, tutaokota mifupa kwa vijiti kama ilivyo desturi yetu, watu wawili kwa mfupa mmoja. Binamu mmoja amenung'unika kwamba hiyo ni kazi ya ndugu. Marehemu aliacha neno: mfupa wa kwanza auokote Tadao pamoja na Fumiyo.

Toyoko apumzike sasa, ingawa hakuzoea. Dada Fumiyo, toka kwenye viti vya wageni, uje ukae huku kwetu.